Kusoma Mbingu za Pwani: Mwongozo Kamili wa Misemo ya Wazee Kuhusu Mvua na Upepo

Misemo ya hali ya hewa tuliyoachiwa na wazee wa Pwani haikutungwa kupamba mazungumzo. Waliitunga wakulima waliokuwa na kibaba cha mbegu tu hadi mavuno yajayo, na manahodha ambao wakiukosea upepo hawarudi nyumbani. Ndiyo maana kila msemo una kazi yake, mahali pake na mwezi wake. Ukiung'oa Unguja ukaupeleka Dodoma, au ukiutumia Aprili ilhali ulikusudiwa Oktoba, utakupoteza, na kosa halitakuwa la msemo.

Mwongozo huu ni kwa anayeishi ukanda wa Bahari ya Hindi, tangu Lamu, Malindi na Mombasa hadi Tanga, Pemba, Unguja, Bagamoyo, Mafia na Kilwa, na anayetaka kuitumia misemo hii kwa kazi: apande lini, aanike lini, ashushe chombo lini. Aliye bara anaweza kufuata njia hiihii, ila dalili azikusanye kwao. Unahitaji daftari, kopo la bati lenye ubavu ulionyooka, rula, na mahali ambapo unaona upeo wa macho mashariki na magharibi. Jipe angalau mwaka mmoja.

Hatua ya kwanza: Jua uko wapi katika mwaka

Usiangalie wingu wala ndege kabla hujajua msimu uliomo. Dalili moja ina maana mbili tofauti katika misimu miwili.

Mwaka wa Pwani umesimama juu ya pepo mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, na ndani yake mna kiangazi chenye joto kali. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba au Oktoba. Mwanzo wake umo ndani ya mvua, kisha huleta kipupwe chenye baridi ya Juni na Julai, na mwishoni hulegea ikawa demani. Katikati ya pepo hizo mbili kuna malelezi, ambayo wengine huyaita tanga mbili, siku ambazo upepo hauna msimamo na nahodha hajui aelekeze tanga upande upi. Mvua kubwa hufuata mageuzi hayo. Ukanda wa mvua hulifuata jua: ukipanda kwenda kaskazini hutupa masika, Machi hadi Mei, ukirudi kusini hutupa vuli, Oktoba hadi Desemba. Kati yake hudondoka mvua ndogo za mchoo, mnamo Julai na Agosti, ambazo hazitoshi kupandia bali husaidia muhogo na mboga.

Wazee waliufupisha mwaka huo wote kwa maneno machache: *Kaskazi mja na swi, kusi mja na mtama.* Swi ni samaki. Kaskazi bahari hutulia na maji huwa safi, vyombo vidogo hufika mbali na samaki hupatikana. Kusi bahari huchafuka, lakini ndio wakati ambao kilichopandwa masika huvunwa. Huu ni msemo wa kupanga maisha: nyumba inayotegemea bahari peke yake ijue kwamba kuna miezi ya kula kutoka shambani.

Zamani hesabu ya mwaka haikutegemea kalenda ya ukutani. Ilianzia Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, ambayo hadi leo huadhimishwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa sherehe za Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Kutoka siku hiyo watu walihesabu miongo, kila mwongo siku kumi, miongo 36 na siku tano za nyongeza. Mkulima aliulizana na mwenzake wamo mwongo wa ngapi, na kwa hesabu hiyo walijua lini pa kusafisha shamba na lini kusi litakatika.

Hapa yupasa mtu awe mwangalifu. Mwaka wa Nairuzi una siku 365 kamili, hauongezi siku kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo kila miaka minne Siku ya Mwaka husogea nyuma siku moja ukilinganisha na jua, na katika miaka 100 ni karibu siku 25. Ukipewa na babu yako kanuni ya kupanda iliyofungwa kwenye mwongo fulani, na yeye aliipokea kwa babu yake, usiitumie kabla ya kuirekebisha. Mtama hauijui hesabu ya miongo, unafuata jua na mvua.

Hatua ya pili: Jifunze Kilimia

Kwa maoni yangu hakuna msemo wa hali ya hewa wa Kiswahili uliobeba elimu nyingi kuliko huu: *Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua; kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua.*

Kilimia ni kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana ambacho mtu mwenye macho mazuri huhesabu ndani yake sita au saba. Kukipata si kazi. Katikati ya Januari, saa mbili usiku, tazama kaskazini, juu sana: kishada hicho kinakuwa karibu na kilele cha safari yake. Kama bado hukioni, tafuta zile nyota tatu zilizopangana mstari mmoja, fuata mstari wake kuelekea kaskazini-magharibi hadi ukutane na nyota moja kubwa yenye wekundu, kisha endelea mbele kidogo. Kile kinachoonekana kama ukungu mdogo wenye chembe za mwanga ndicho.

Kikishajulikana, kifuate. Kila jioni kitakuwa kimeshuka kidogo kuelekea magharibi. Mwanzo wa Aprili, giza linapoingia, kimeshafika chini upande wa kaskazini-magharibi. Mwisho wa Aprili au siku za mwanzo za Mei kinamezwa na mwanga wa machweo. Hapo ndipo "kimezama". Kwa wiki sita hivi hakionekani kabisa kwa sababu jua limo upande uleule. Katikati ya Juni kinachomoza tena kabla ya alfajiri, upande wa kaskazini-mashariki, hapo "kimezuka".

Sasa tazama wazee walichagua nini. Kuzama kwa Kilimia kumeangukia kwenye kitovu cha masika, wakati Pwani inapotakiwa kuwa inalowa. Kuzuka kwake kumeangukia mwanzo wa kipupwe, wakati mvua kubwa inapotakiwa kuwa imekwisha. Kwa hiyo msemo unakuambia utazame mbingu siku mbili zinazojulikana, na ulinganishe. Kikizama kwa mvua, masika yamekuja kwa wakati wake: palilia kwa bidii na ujiandae kwa Juni kavu. Kikizama kwa jua, masika yamechelewa au yamekatika, na mvua iliyobaki, ikija, itaingia hadi Juni.

Faida yake shambani ni hii. Mwisho wa Aprili ukifika na Kilimia kinazama kwenye anga kavu, usipande tena mahindi ya muda mrefu kwa matumaini. Chukua kunde au choroko, zinazokomaa kwa takriban siku 60 hadi 75, au tia muhogo ardhini. Mvua ya Juni ikija utakuwa na kitu cha kuipokea. Isipokuja, hasara ni ndogo.

Msemo huu hauna ahadi ya kila mwaka, na hauwezi kuwa nayo, kwa kuwa nyota haileti mvua. Kilimia ni saa. Kinakwambia hasa umefika wapi katika mwaka wa jua, bila kuteleza kama Nairuzi inavyoteleza, na wewe unasoma kama mvua imeenda sawa na saa hiyo. Na kwa kuwa ni saa, mwenye kukaa Mombasa na mwenye kukaa Dar es Salaam hawawezi kukisoma sawasawa: Dar es Salaam mwezi wenye mvua nyingi kwa kawaida ni Aprili, Mombasa ni Mei. Kilimia kikizama kwa anga kavu ya Mombasa, bado kuna nafasi nzuri ya mvua kuliko kikizama hivyo Dar. *Usisafirie nyota ya mwenzio*, walisema, na hapa neno hilo lichukuliwe kama lilivyo.

Hatua ya tatu: Usome upepo kila alfajiri

Msimu ukishaujua, dalili ya karibu zaidi ni upepo. Fanya hivi. Kabla jua halijatoka, nenda mahali pa wazi, simama na uutafute upepo kwa uso: ugeuke mpaka masikio yote mawili yasikie sawa. Hapo umeuelekea. Andika upande, na nguvu yake kwa maneno matatu tu: shwari, wa kawaida, mkali. Rudia saa sita mchana.

Siku ya kawaida yenye mbingu safi, alfajiri utakutana na umande, upepo mwororo unaotoka nchi kavu kwenda baharini. Nchi imepoa usiku, bahari bado ina joto, hewa inateremka kutoka bara. Wavuvi wa ngalawa hutoka nao. Asubuhi ikisogea umande hufa, panakuwa shwari kidogo, kisha upepo wa baharini huingia na kuwarejesha pwani. Mzunguko huo ukienda vizuri, siku ina uwezekano mkubwa wa kuwa njema.

Jambo la kulishika ni siku ambayo umande haukuja. Nchi haikupoa usiku, na mara nyingi ni kwa sababu ilifunikwa na mawingu. Umande wa majani husema jambo hilohilo: ukiamka ukakuta majani yamelowa chepechepe na hapakunyesha, usiku ulikuwa wa anga wazi na upepo mdogo, kwa hiyo asubuhi ni ya kuanika karafuu, dagaa au mpunga. Majani yakiwa makavu wakati wa masika, usitandaze mkeka mbali na nyumba.

Upepo wa mashariki, matlai, ukiingia mapema na una unyevu ndani yake wakati wa malelezi, unaleta mvua ya kutoka baharini. Kaskazi ikilegea mwezi wa Machi, siku mbili tatu za shwari na joto la kukaba zikafuata, wazee huanza kutengeneza mapaa. Wana haki. Kulegea huko ni dalili kwamba mikondo miwili ya hewa inakaribiana, na ukanda wa mvua u njiani.

Hatua ya nne: Mawingu, rangi na duara la mwezi

*Dalili ya mvua ni mawingu.* Msemo huu hutumika kwa kila jambo la dunia, lakini mwenye kuutumia kwa mvua yenyewe aongeze swali: mawingu yako upande gani, saa ngapi?

Wakati wa masika ya Pwani, mvua nyingi hunyesha usiku wa manane hadi asubuhi. Upepo wa nchi kavu hukutana na upepo wa msimu juu ya bahari, mawingu hupanda hukohuko, kisha husukumwa pwani. Basi alfajiri angalia baharini. Ukiona minara ya mawingu imesimama mashariki, vichwa vyake vimechongoka na matako yake ni meusi na sawa, mvua inaweza kufika kabla ya saa nne asubuhi. Mchana geuka: mawingu hujengeka juu ya bara, na mara nyingi mvua yake huishia hukohuko kwenye vilima. Anayeogopa wingu jeusi la magharibi saa tisa alasiri hupoteza nusu siku ya kazi bure mara nyingi.

Hapa sina budi kusema wazi juu ya misemo ya kigeni inayosambazwa kwenye simu siku hizi, ikiwa imetafsiriwa na kuitwa ya wahenga. Ule wa mbingu nyekundu jioni kuwa dalili ya kesho njema ni wa Ulaya. Kule hali ya hewa hutoka magharibi kwenda mashariki, kwa hiyo magharibi pakiwa safi wakati wa machweo, kinachokuja ni kisafi. Kwetu mvua nyingi hutoka mashariki. Wekundu wa machweo mwezi wa Septemba una uwezekano mkubwa wa kuwa moshi wa mashamba yanayochomwa na vumbi la bara. Hauna habari yoyote ya kesho.

Upinde wa mvua usomwe kwa kanuni hiyohiyo ya kwetu. Daima hutokea upande wa pili wa jua. Ukiuona asubuhi, mvua iko magharibi, juu ya nchi kavu: mara nyingi imeshakupita. Ukiuona jioni, mvua iko mashariki, juu ya bahari, na huenda inakujia. Toa nguo kambani.

Duara kubwa kuzunguka mwezi hutokana na fuwele za barafu zilizomo katika mawingu membamba ya juu sana. Wengi hulichukulia kuwa tangazo la mvua. Linathibitisha kuna unyevu juu, na pengine dhoruba mahali fulani, lakini si lazima ije kwako. Lipe uzito mdogo, na zaidi mwezi wa Machi na Oktoba kuliko Januari.

Na wale wanaosoma mwandamo, kwamba mwezi ukiandama umelala umebeba maji na ukiinama unayamwaga: karibu na ikweta mwezi mchanga huonekana umelala daima, na pembe zake huegemea kaskazini mnamo Machi na kusini mnamo Septemba. Ni kalenda ya pili, basi, wala haitofautishi mwaka wa mvua na mwaka wa ukame.

Dalili za dakika za mwisho ni za kuaminika kuliko zote na ndizo zinazookoa maisha. Upepo wa baridi ukikupiga ghafla katikati ya joto, na ukaleta harufu ya udongo uliolowa, mvua inanyesha karibu na hewa yake iliyopoa imekufikia kabla ya matone. Una dakika chache. Radi ikimulika, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde tatu ni kilomita moja hivi. Ikiwa hujafika 30, toka shambani, toka majini, usisimame chini ya mnazi.

Hatua ya tano: Ndege, wadudu na miti

Hapa ndipo penye imani nyingi na ushahidi mchanganyiko, kwa hiyo nitapita haraka.

Tipitipi, ambaye kwingine huitwa dudumizi, ana mlio wa kushuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, na karibu Afrika Mashariki nzima husikilizwa kama ndege wa mvua. Hulia zaidi hewa inapokuwa na unyevu, kwa hiyo anafaa kama kipimo cha unyevu. Kumbikumbi hutoka ardhi ikishalowa. Huthibitisha mvua iliyonyesha zaidi ya kutabiri ijayo, ingawa wakitoka kwa wingi mwanzoni mwa vuli ni habari njema kwamba unyevu umeingia ndani ya udongo. Siafu wakihama na mayai yao kuelekea sehemu ya juu, na wakaingia nyumbani bila sababu, wengi huinua magunia ya nafaka kutoka sakafuni. Kuyainua hakugharimu kitu.

Miti ina kumbukumbu ndefu kuliko ndege. Mbuyu huchipua majani karibu na mwanzo wa mvua, nyakati nyingine kabla. Mwembe, hata hivyo, ndio unaonyesha hatari ya kuazima dalili: kuna sehemu wakulima husema maembe yakizaa kupita kiasi mvua itakuwa haba, na sehemu nyingine husema kinyume chake. Fuata ya kijiji chako tu, na ya kijiji chako uipime.

Hatua ya sita: Kaa na wazee uulize ipasavyo

Misemo mingi haijaandikwa. Iko kwa bibi anayetega pweza, kwa fundi wa mashua, kwa mzee anayelima bonde lilelile tangu ujana. Nenda wakati ambao hawana kazi, jioni baada ya alasiri, na usiende na maswali ya mtihani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Babu, mwaka huu Kilimia umekiona kimezama vipi?"

Swali la namna hiyo humfungua mtu kuliko kumwambia akutajie misemo. Akishasema, uliza mambo matatu kwa upole. Kwanza, dalili hiyo hutazamwa mwezi gani na ukiwa umesimama wapi? Pili, ukiiona unafanya nini? Msemo usiofuatwa na tendo kwa kawaida ni wa mapambo. Tatu, mwaka gani ilikosea, na mlifanyaje? Swali hili la tatu ndilo lenye mali. Mzee aliyeishi kwa kutegemea dalili anazijua hitilafu zake kwa majina ya miaka ya njaa na ya mafuriko, na atakwambia walichokula na walichopanda baadaye.

Andika maneno kama alivyoyasema, kwa lahaja yake. Andika na kijiji. Usiyasawazishe.

Hatua ya saba: Pima kwa daftari

Tegesha kopo lako mahali pa wazi, mbali na mti na ukuta, juu ya kigingi ili maji ya ardhini yasirukie ndani. Kila siku saa tatu asubuhi, saa ambayo vituo vya hali ya hewa navyo husoma, pima kina cha maji kwa rula na ulimwage. Milimita moja ndani ya kopo ni lita moja katika kila mita ya mraba ya shamba. Kwenye daftari chora safu nne: tarehe, upepo wa alfajiri, dalili uliyoiona, milimita za kesho yake. Andika na siku ambazo hukuona kitu; bila hizo hesabu nzima haina maana.

Kosa linalowapoteza wengi ni kuhesabu mara ambazo msemo ulipatia na kuishia hapo. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Aprili mvua imenyesha siku 18 kati ya 30. Tipitipi alilia siku 10, na katika hizo mvua ilinyesha siku 7. Saba kwa kumi, mtu atasema ndege huyu ni bingwa. Lakini siku 20 ambazo hakulia, mvua ilinyesha siku 11, zaidi ya nusu. Alichokuongezea ni kidogo sana, maana Aprili hata ukifumba macho ukasema "itanyesha" utapatia siku nyingi. Sasa chukua Januari yenye siku 3 tu za mvua. Tipitipi alilia siku 4, na 2 kati ya hizo zikanyesha. Siku 27 za ukimya wake zikatoa mvua moja. Hapo amekufaa kwa kweli, japokuwa nusu ya vilio vyake vilikuwa bure. Linganisha daima siku za dalili na siku zisizo na dalili, msimu kwa msimu.

Baada ya misimu miwili utabaki na misemo michache iliyosimama. Hiyo ndiyo yako.

Hatua ya nane: Toka kwenye dalili hadi uamuzi

Kupanda kwanza. *Mvua za kwanza ni za kupandia*, na ni kweli kwamba mbegu iliyoingia mapema hunywa msimu mzima na kuukwepa ukavu wa mwisho. Lakini vuli hasa ina tabia ya kunyesha siku mbili ikanyamaza wiki mbili, mbegu zikaota na kufa. Fuata mpango huu. Mvua ya kwanza ikinyesha, chimba kwa jembe mahali patatu. Ikiwa unyevu haujafika shubiri moja, subiri. Ukifika, na kopo lako limekusanya kiasi cha milimita 20 au zaidi ndani ya siku tatu, panda theluthi ya mbegu, ukianza na mtama na kunde zinazovumilia. Ukiona na upepo umeshageuka, endelea na zilizobaki. Kama upepo bado ni uleule wa msimu uliopita, zilizobaki ziweke ndani.

Utabiri wa kitaalamu usiuweke kando. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa mwelekeo wa masika na wa vuli kabla ya kila msimu. Mizani yangu ni hii: kwa vuli, watangulize wao. Vuli inafuata sana joto la bahari, El Niño ya Pasifiki na tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi, mambo yanayoonekana miezi kabla na ambayo hakuna ndege wa kijijini anayeyajua. Vuli ya 1997 na ile ya 2019 zilileta mafuriko kwa sababu hizo. Masika ni magumu kutabirika mapema hata kwa vyombo vya kisasa, na utabiri hutolewa kwa ukanda mzima. Hapo Kilimia, upepo wako na kopo lako vina neno la kuongeza kuhusu shamba lako. Huko Vihiga, magharibi mwa Kenya, wazee wa ukoo wa Nganyi wamekuwa wakikaa na wataalamu wa hali ya hewa kabla ya msimu, kila upande ukaeleza unachokiona, kisha ikatoka taarifa moja kwa wakulima. Pwani tungefaidika na baraza kama hilo, manahodha wakiwamo.

Baharini sheria ni kali zaidi. Dalili za wazee zina haki ya kukuzuia kutoka. Hazina haki ya kukuruhusu pale onyo la mamlaka linapokataza. Sababu yake iko wazi. Misemo huzaliwa kutokana na mambo yanayojirudia mara nyingi mbele ya macho ya mtu mmoja, na vimbunga haviko hivyo kwetu. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu yake; Aprili 1952 kikapiga Lindi; Aprili 2019 Kenneth kikapita karibu na Mtwara na kuingia Cabo Delgado, Msumbiji; Mei 2024 Hidaya kikafika maeneo ya Mafia. Mtu anaweza kuvua maisha yake yote asikutane hata na kimoja, na kwa hiyo hakuna msemo wa kumwonya. Vyote hivyo vilikuja ndani ya masika, wakati mvua na upepo mkali havimshangazi mtu, na kadiri unavyoteremka kusini kutoka Tanga kwenda Mafia, Lindi na Mtwara, hatari huongezeka.

Kwa hiyo Aprili na Mei sikiliza redio jioni kabla ya kulala, si asubuhi ukiwa umeshapakia nyavu. Onyo likitolewa, angalia pia mwezi: kama ni siku za bamvua, yaani siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yatapanda juu ya alama ya kawaida hata kabla upepo haujayasukuma. Kivute chombo juu ya alama ya bamvua kubwa uliyowahi kuiona hapo kwenu, ushushe mlingoti, ufungue mashine na uipeleke nyumbani, na uwaambie walioko dago, yaani kambi ya wavuvi ya mbali na nyumbani, warudi siku hiyohiyo, bahari ikiwa bado shwari.